Namna ya kuiangalia siku yako kwa macho ya kiroho bila kuona pepo kila kona

Nianze na kisa changu ili ujue naongea kutokea wapi. Miaka kadhaa nyuma duka langu lilianza kukauka. Ni duka dogo tu la mtaani, unga, sukari, sabuni za kipande, vocha, mafuta ya kupima. Kila mwezi ukiisha mtaji umepungua na mi sielewi umeenda wapi. Nikaambiwa mama, angalia rohoni, hilo duka kuna mtu kalifunga. Basi nikaangalia rohoni, yaani kwa maana niliyokuwa naijua wakati ule, nikaenda mikesha, nikanunua mafuta ya upako, nikapaka mlango, kaunta na mizani, nikafunga siku saba, na siku zote hizo kichwani namtafuta huyo mtu ni nani, jirani wa kushoto au wifi yangu ambaye kila akipita dukani lazima aombe maji ya kunywa. Nikamnunia wifi wiki nzima.

Siku ya nane nikakaa chini na daftari la madeni. Kurasa kumi na moja zimejaa. Na hapo sijahesabu vitu nilivyokuwa nachukua mwenyewe kupeleka jikoni kwangu, nusu kilo ya sukari leo, mchele kesho, bila kuandika popote. Wifi hakuwemo kwenye daftari hata mstari mmoja.

Ndo nikaanza kujiuliza, hivi kuangalia kiroho maana yake nini hasa. Maana niliyemwona rohoni hakuwepo, na aliyekuwepo, ambaye ni mimi, sikumwona kabisa.

Sasa haya ninayoandika hapa ni njia ninayoitumia mpaka leo. Sio yangu, ni ya zamani sana, na cha kuchekesha ni kwamba mimi Mlutheri nilifundishwa na jirani yangu Mkatoliki tukiwa tunachambua mchele wa shughuli. Inahitaji stuli, dakika kumi mpaka kumi na tano na ukweli, basi.

Ila kuna kitu lazima ukielewe kabla hujaanza, bila hicho utachoka siku ya tatu. Wengi wetu tukisikia macho ya rohoni tunafikiria kuona mbele, nani ataniumiza, biashara itakuwaje, nitaolewa lini. Sasa soma Kutoka sura ya 33. Musa anamwomba Mungu amwonyeshe utukufu wake, anajibiwa kwamba uso hatauona, atawekwa kwenye upenyo wa mwamba, afunikwe na mkono mpaka Bwana apite, halafu mkono uondolewe aone nyuma yake. Musa huyo, sio mimi na wewe, kaonyeshwa mgongo. Wale wawili wa Emau kwenye Luka 24 nao ni hivyo hivyo, wametembea na Yesu karibu kilomita kumi na moja wakijua ni mpita njia tu, wanakuja kumtambua pale mezani anapoumega mkate, na hapo hapo akatoweka. Wakabaki wanaulizana, si mioyo yetu ilikuwa inawaka kule njiani? Yakobo naye kalala Betheli kichwa juu ya jiwe, kaamka ndo anasema Bwana yupo mahali hapa wala mimi sikujua.

Unaona kitu hapo? Wote wameona akishapita. Kwa hiyo mtu anayetaka kuangalia maisha kiroho aanze kuangalia nyuma, kwenye siku iliyokwisha, hasa hii ya leo ambayo bado haijapoa.

Haya, tuanze.

Tafuta kiti. Nasema kiti, sio kitanda, kitandani utalala ukiwa bado kwenye saa mbili asubuhi. Mi nina stuli ya plastiki nje ya mlango wa jikoni, nikishaosha vyombo nakaa pale. Simu inabaki ndani kwenye chaji. Usijidanganye kwamba utaitumia kwa Biblia tu, utajikuta kwenye status za watu, nakuambia. Wenye ndoa mwambie mwenzako unafanya nini, maana wangu mwanzoni alidhani nimenuna.

Ukishakaa, omba kuona. Sentensi moja inatosha. Unamkumbuka yule kijana wa Elisha kwenye 2 Wafalme 6? Kaamka asubuhi kule Dothani, mji umezungukwa na jeshi la Shamu, farasi na magari, kapagawa. Elisha akaomba, "Ee Bwana, nakusihi, mfumbue macho yake, apate kuona." Kijana akaona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Mi nilisoma hiyo habari tangu Sunday School lakini nimekuja kuona ukubwani kwamba Elisha hakuomba magari ya moto yaletwe. Yalikuwepo. Aliombea macho tu. Kwa hiyo na wewe pale kwenye stuli huombi kitu kitokee, kilichotokea kimeshatokea.

Halafu rudisha siku yako nyuma kama unavyorudisha video. Anzia ulipoamka, nenda saa kwa saa. Usihukumu bado, angalia tu, nani alikuwepo, alisemaje, ulikuwa umeshika nini mkononi. Hapa usikimbie kwa sababu hapa ndo penyewe, na wengi wanaruka, wanasema asante Mungu kwa siku ya leo, amina, wanaingia ndani.

Nikupe mfano wa Jumanne moja. Nilikuwa naenda Kariakoo kufuata mzigo, nimepanda daladala, imejaa, nimesimama mlangoni. Konda kijana mdogo hata ndevu hana. Nimempa noti, chenji hajarudisha, nikamkumbusha mara moja, kimya, mara ya pili nikapandisha sauti gari zima likageuka, "Wewe konda nirudishie hela yangu, mnapenda sana kuzubaisha watu!" Akanipa. Mia mbili. Kulikuwa na mama kakaa pale karibu na mlango na ndoo yake ya samaki, akaivuta ndoo katikati ya miguu, akasogea, akapigapiga ile nafasi na kiganja, maana yake kaa. Nikakaa, sikusema hata asante kwa sababu nilikuwa bado nachemka na mia mbili yangu.

Mchana wote sikukumbuka hata kidogo. Usiku kwenye stuli nikaanza kurudisha siku, nikafika pale kwenye daladala, nikaona kiganja cha yule kijana kinahesabu sarafu. Kilikuwa na plasta. Chafu, imebanduka upande, chini yake kidonda bado kibichi, ndo maana sarafu alikuwa anazitoa taratibu vile kwa ncha za vidole. Mi nililiona hilo asubuhi, macho yangu yaliona kabisa, vinginevyo usiku ningelitoa wapi? Ila mwenyewe sikuwepo. Na yule mama, nikaona jinsi alivyolowesha gauni lake kwa maji ya ile ndoo ili mi nipate sehemu ya kukaa.

Sikuona malaika, sikusikia sauti. Lakini niliona kwamba asubuhi ile ndani ya daladala Mungu alipita mara mbili na mi nilikuwa nadai mia mbili. Nikilinganisha na zile siku saba za mafuta ya upako, hii ndo naiita kuona.

Sasa ukishaipitia siku, kuna kipande ambacho kwa kweli kilinishangaza, nacho ni kuangalia ladha iliyobaki. Asili yake ni kwa Inyasi wa Loyola, Mhispania, mwanajeshi aliyependa sifa na mapanga. Mwaka 1521 vitani pale Pamplona tufe la mzinga likamvunja mguu. Akalazwa kwao miezi, kachoka, akaomba aletewe hadithi za mashujaa wa vita asome, nyumbani hamna, vilivyopatikana ni kitabu cha maisha ya Kristo na cha watakatifu. Basi akawa anasoma hivyo, akichoka anaota ndoto zake za mchana za ushujaa na bibi fulani mkubwa wa kumpendeza. Akagundua kitu. Zote mbili zinamfurahisha wakati anaziwaza, lakini zile za ushujaa zikiisha anabaki mkavu, na zile za kumfuata Kristo zikiisha anabaki na furaha bado. Hakuna aliyemwambia, kalala tu na mguu wake anajiangalia. Baadaye ndo akaanzisha shirika la Wajesuti lililokubaliwa na Papa mwaka 1540, na hata ile shule ya Loyola pale Mabibo jina lake limetoka huko. Njia hii ya kupitia siku Wajesuti wanaifanya mpaka leo.

Kwa hiyo kwenye stuli jiulize, yale niliyofanya leo yameniacha na ladha gani mdomoni. Umbea wa saa nne pale saluni ulikuwa mtamu sana wakati unapigwa, sasa hivi ukoje? Ile dakika tano uliyokaa na mtoto mkafanya zile hesabu za kugawanya ukiwa umechoka hoi, ikoje? Utashangaa. Kuna vitu tunaviita baraka vinatuacha wakavu kila siku, na kuna mzigo unaoulalamikia kila siku ambao ukiutua unabaki na amani. Usiamue kwa siku moja lakini, siku moja yaweza kuwa ni njaa tu au umegombana na mtu. Angalia wiki tatu nne. Kitu kinachojirudia ndo cha kukishika.

Shukrani zinakuja hapo zenyewe, ila zitaje kwa majina. Sio nakushukuru kwa uhai na afya, hiyo hata kasuku anaweza. Sema asante kwa yule mama wa samaki aliyesogeza ndoo, asante umeme ulirudi kabla nyama haijaharibika.

Na toba nayo iwe na jina. Nisamehe dhambi zangu za kuwaza, kunena na kutenda, hiyo ni ya ibadani tunasema wote kwa pamoja na ni nzuri, lakini pale kwenye stuli uko peke yako, sema nilimdhalilisha mtoto wa watu mbele ya gari zima kwa mia mbili. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Bukoba, alikuwa mlokole wa zile enzi za uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini Rwanda na Uganda baada ya daktari Joe Church kukutana na Simeoni Nsibambi pale Kampala mwaka 1929. Wale watu walikuwa na msemo wao, kutembea nuruni, wameutoa kwenye 1 Yohana 1:7. Maana yake kwao haikuwa nadharia. Mtu akiokoka anarudisha jembe aliloiba miaka kumi iliyopita, anasimama mbele ya wenzake anasema mimi nilimchukia fulani. Bibi alikuwa akikukosea mjukuu asubuhi, jioni anakuja kukuomba msamaha, bibi kabisa na mvi zake, sisi tunaona aibu badala yake. Sikuwahi kuona mtu mwingine mzima akifanya hivyo.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa kumwambia samahani, panga kesho utamwambiaje, na iwe kesho, usisubiri mpaka upate nafasi nzuri. Mi wifi nilimtumia voice note saa moja asubuhi kabla sijafungua duka maana najijua ningeghairi. Akajibu, "Wifi kwani ulikuwa umeninunia? Mbona sikujua?" Hahaa. Siku saba nzima za kununa zimeenda bure.

Ukimaliza, kesho yako mkabidhi Mungu kwa sentensi moja, kitu kimoja kigumu unachokijua kinakuja. Kodi ya fremu, kwa mfano. Nyanyuka, ingiza stuli ndani isije ikaibiwa.

Njia ndo hiyo yote. Sasa kuna sehemu mbili watu wanaharibu na nataka niziseme wazi.

Ya kwanza ni msiba na ajali. Ukishazoea kuangalia mambo kiroho unaweza kupata kiburi cha kuwaelezea wengine maana ya maumivu yao. Acha. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, Yohana 9, swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akasema sio huyu wala wazazi wake. Kwenye Luka 13 Yesu mwenyewe anataja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane wakafa, anawauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Sivyo. Tena hapo akawageuzia wao wenyewe watubu. Yaani jicho la kiroho linaanza na mwenye jicho. Marafiki wa Ayubu mnawasema vibaya sana, lakini siku saba za kwanza walifanya vizuri kupita sisi, walikaa naye chini kwenye udongo hawakusema neno. Wameharibu walipofungua mdomo.

Pale msibani tunapenda kusema kazi ya Mungu haina makosa. Sikatai, ni imani. Lakini mama aliyefiwa na mtoto jana akiambiwa hivyo na watu arobaini mfululizo, wengine wanasema huku wanaangalia kama wali umeiva, inakuwa kama anafungwa mdomo asilie. Kaa kwenye mkeka. Osha masufuria. Kama anataka kusema Mungu amenionea, muache aseme, Zaburi ngapi zimesema hivyo na bado ziko kwenye Biblia.

Ya pili ni ugonjwa. Kuangalia kiroho sio kuacha dozi. Paulo alikuwa mtu wa maombi kuliko mtume yeyote wa mabango ya barabarani, na Luka aliyetembea naye anamwita tabibu mpendwa, na Timotheo mwenye tumbo la kusumbua alimwambia atumie mvinyo kidogo, ambayo enzi hizo ndo ilikuwa dawa. Kwa hiyo presha ikipanda kunywa dawa na uombe. Anayekuambia uchague kimoja mkimbie.

Swali ninaloulizwa sana ni hili, nikikaa na nisione kitu je? Utakaa na hutaona kitu, nakuhakikishia. Kuna wiki nzima unarudisha siku na ni duka, jiko, foleni, duka. Kuna yule kipofu wa Bethsaida kwenye Marko 8, Yesu mwenyewe kamwekea mikono, kamuuliza unaona kitu, jamaa akajibu, "Naona watu kama miti, inakwenda." Nampenda huyu mtu kwa ukweli wake. Wengi wetu mbele ya mchungaji tungesema naona vizuri kabisa haleluya. Yeye kasema miti. Ndo akawekewa mikono mara ya pili. Basi na wewe ukikaa kwenye stuli ukaona miti sema Bwana, leo naona miti, ingia ukalale.

Ukiruka siku tatu usijaribu kuzilipa zote kwa usiku mmoja, utakuwa kama mi na lile daftari. Chukua ya leo tu. Ukiwa na watoto wadogo wafanyie ya kwao mkiwa mnakula, waulize leo nini kilikufurahisha na nini kilikuumiza, basi, wasikusanyiwe mistari ya Biblia juu yake. Wa kwangu wa mwisho aliniambia kilichomuumiza leo ni mama alivyonikaripia kwa kikombe. Kijiko kikanisimamia mdomoni.

Na mimi mwenyewe nisikudanganye kwamba ni mtaalamu. Jana nilianza vizuri, alfajiri nikaipita, duka nikalipita, nikafika kama saa nane mchana nikiwa napima mafuta ya nusu lita kwa mtoto wa jirani, hapo hapo usingizi ukanichukua na stuli yangu, nimekuja kuamshwa na mbu saa sita usiku shingo imepinda.